Tunaikosea juzuu ya pili ya hadithi za uvamizi

Kila inapotoka juzuu ya pili ya riwaya ya vijana kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka sayari nyingine, hukumu yake hujulikana mapema: imepoa. Juzuu ya kwanza ilikuwa na miji inayoteketea na familia zinazotawanyika. Hii ya pili ina vijana wanne waliojificha ndani ya jengo bovu, mmoja wao ana jeraha, na sura nne zinapita bila risasi kulia. Malalamiko hayo yamezaa ushauri ambao waandishi chipukizi wanapewa kila siku, kwamba hadithi ya juzuu tatu ipunguzwe iwe mbili, katikati parukwe, twende moja kwa moja kwenye vita kuu. Naona ugonjwa umetajwa vibaya, na dawa inayotolewa ndiyo itakayomuua mgonjwa. Juzuu ya pili inayochosha huchosha kwa kuwa mwandishi ameongeza maadui akasahau vitu vinavyokwisha: maji, dawa, mafuta ya gari, usingizi, uvumilivu wa watu wanaobanana chumba kimoja. Uvamizi ni habari ya juzuu ya kwanza. Kunusurika, ambako ndiko msomaji alikoahidiwa, huanza siku akiba ya mwisho inapoguswa, na siku hiyo karibu kila mara imo katika juzuu ya pili.

Hadithi za uvamizi hazikuzaliwa na mwendelezo. H. G. Wells alipochapisha riwaya yake kuhusu viumbe wa Mirihi mwaka 1898, aliimaliza ndani ya kitabu kimoja: wavamizi wanaangushwa na bakteria ambao miili yao haikuwa na kinga dhidi yao. Mwisho wa namna hiyo haudai juzuu nyingine, kwa sababu binadamu hakufanya lolote ambalo matokeo yake yangefaa kufuatiliwa. Miaka karibu 70 baadaye, mwaka 1967, John Christopher aliwaandikia vijana hadithi ya dunia iliyokwisha kutawaliwa na wageni, na kitabu chake cha pili kingehukumiwa leo kuwa kimepoa, maana sehemu yake kubwa inatokea ndani ya mji mmoja uliofungwa, ambamo kijana anamtumikia bwana mwenye miguu mitatu. Badala ya vita kuna uzito. Nguvu ya mvutano ndani ya mji huo imeongezwa hadi kila hatua inakuwa kazi. Hewa ya mabwana haifai kwa binadamu, kwa hiyo mtumwa huvaa barakoa na kubadilisha kichujio chake kabla hakijamsaliti. Swali linalotushika ni mwili huu utavumilia hadi lini kabla habari alizokusanya hazijatoka nje. Na ni kwa sababu ya siku hizo za kumhudumia bwana wake ndipo kijana anapojua mahali penye udhaifu katika mwili wa adui, na anapopata habari za mpango wa kuibadilisha hewa ya dunia nzima. Ondoa kitabu hicho, na ushindi wa kitabu cha tatu unageuka bahati nasibu.

Jambo linaloamua uhai wa juzuu ya pili ni idadi ya siku zilizopita tangu ya kwanza ifungwe, na waandishi wengi huliacha likielea. Kuandika “miezi kadhaa baadaye” hakutoshi, kwa kuwa kila kitu kilichobaki duniani kina muda wake. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huanza kuharibika baada ya miezi 3 hivi. Isiyochanganywa, ikifungwa vizuri, inaweza kufika miezi 6 au kupita kidogo. Sehemu zake nyepesi huvukiza, zilizobaki huungana na oksijeni na kuacha utando wa gundi kwenye njia za mafuta. Dizeli hudumu zaidi, ila maji yakiingia tangini, vijidudu huota pale maji na mafuta yanapokutana, na uchafu wao huziba chujio. Betri ya gari lililoegeshwa nayo hujimaliza yenyewe ndani ya miezi michache. Kijana anayelikuta gari lililotelekezwa katika mwezi wa nane wa uvamizi na kuliwasha kwa jaribio la kwanza amepewa muujiza, na msomaji makini ataanza kungoja miujiza mingine. Angalia pia mhusika mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Chupa ya insulini iliyo nje ya friji, kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, huhesabiwa kuwa salama kwa siku 28, na bila insulini kabisa damu huanza kujaa asidi ndani ya siku chache. Kama mhusika huyo yu hai katika mwezi wa tano, tuna haki ya kujua nani ana akiba ya chupa ambazo hazijafunguliwa, zinatunzwaje baridi, kwa umeme gani, au kwa chungu cha udongo ndani ya chungu kingine chenye mchanga uliolowa. Jibu la swali hilo peke yake ni msuko kamili, maana mwenye ubaridi ana mamlaka juu ya pumzi ya mwenzake.

Majeraha nayo yana kalenda yake, na hapa ndipo makosa ya juzuu za pili yanaponiuma zaidi, kwa sababu mwandishi anajinyima utajiri alioushika mkononi. Risasi iliyovunja mfupa wa paja humlaza mtu miezi 3 au zaidi hata akitibiwa vizuri, na mfupa huo ukivunjika, lita nzima ya damu inaweza kumwagika ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Lakini ni mara ngapi shujaa aliyepigwa mguuni katika sura ya mwisho ya juzuu ya kwanza anakimbia katika sura ya tatu ya pili? Jeraha chafu likishonwa haraka huwafungia vijidudu ndani. Linatakiwa lioshwe kwa maji mengi safi, liachwe wazi chini ya kitambaa safi chenye unyevu, kisha lifungwe baada ya siku 4 au 5 kama halitoi usaha. Pepopunda mara nyingi hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na huanza kwa taya kukaza. Mwandishi anayelijua hilo ana wiki tatu za taharuki bila kumleta adui hata mmoja: kila asubuhi mgonjwa anajaribu kufungua kinywa, na kila asubuhi wenzake wanamtazama. Kisha kuna kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Huanza kuonekana baada ya mwezi 1 hadi 3 ya kula nafaka na vyakula vya makopo visivyo na matunda wala mboga. Fizi hutoka damu, miguu huuma, na makovu ya zamani yanaweza kufumuka. Vidonda vya juzuu ya kwanza vinafunguka katika juzuu ya pili, kwenye mwili uleule, na sababu ni lishe tu. Sijui kwa nini chombo hiki hakitumiwi mara nyingi zaidi.

Maji yanadai kutazamwa kwa karibu. Watu wanne wanahitaji takriban lita 3 kila mmoja kwa kunywa na kupika kidogo, yaani 12 kwa siku. Ukiongeza kuosha mikono na jeraha unafika 20, ambayo ni dumu moja lenye uzito wa kilo 20. Anayelibeba hawezi kukimbia, mikono yake haiko huru kushika silaha, na akipita njia ileile kila siku anachora mstari unaosomeka vizuri kutoka angani. Maji yakishafika ndani, yanachujwa kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa. Kuyachemsha kunatosha yakitokota kwa dakika 1, au 3 mahali palipo juu ya mita 2,000, lakini moto ni moshi mchana na mwanga usiku, na maadui wa hadithi hizi karibu wote wana uwezo wa kuona joto. Basi wanatumia dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, yenye klorini, isiyo na manukato, ya asilimia 6: matone 2 kwa lita, mara mbili ya hapo maji yakiwa na tope, kisha kusubiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ndiyo dalili njema. Isiposikika, dozi inarudiwa na kusubiriwa dakika 15 nyingine. Lakini dawa hiyo hupungua nguvu baada ya miezi 6 hivi, kwa hiyo matone yaliyotosha katika juzuu ya kwanza hayatoshi katika ya pili. Isitoshe, kuna vimelea vyenye ganda gumu, kama kriptosporidiamu, ambavyo klorini haiviwezi hata ikiwa mpya. Njia nyingine ni jua: chupa za plastiki angavu zisizozidi lita 2, zilazwe juani kwa muda wa saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Sasa zione chupa hizo zimepangwa juu ya paa, zikimetameta. Kila njia ya kusafisha maji imekuwa namna mojawapo ya kujifichua, na vijana wanne walio wachovu lazima wachague ipi. Wakikosea, mmoja ataharisha, na tiba yake ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikisawazishwa juu. Hapo ndipo inapogundulika kwamba kuna aliyekuwa akilamba sukari usiku. Mapigano gani ya anga yanaweza kuzalisha ugomvi wenye uzito kuliko huo?

Chakula kinafuata mantiki hiyohiyo, kwa hiyo nitapita haraka. Mashirika ya misaada hupanga kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Nafaka kavu ina takriban kalori 350 kwa kila gramu 100, basi mtu mmoja anahitaji gramu 600, watu wanne kilo 2.4, na gunia la kilo 50 linaisha katika wiki tatu. Usingizi unasahaulika hata zaidi. Usiku wa saa 10 ukigawanywa kwa walinzi wanne ni saa mbili na nusu kila mmoja. Mmoja akiumia, kila aliyebaki anabeba saa tatu na dakika 20. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama aliyekunywa pombe kiasi, na baada ya saa 24 hali huwa mbaya zaidi ya kiwango kinachokatazwa kwa madereva katika nchi nyingi. Uamuzi wa kipumbavu ambao msuko unauhitaji, ule wa kumfungulia mlango mgeni usiku wa manane, hauhitaji mhusika mpumbavu. Unahitaji tu zamu ya ulinzi iliyohesabiwa vizuri na kuonyeshwa sura mbili kabla.

Kuna upande wa pili wa hesabu, nao ni wa adui. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua iko umbali wa miaka ya nuru 4.24. Chombo chetu cha anga cha Voyager 1, kinachokwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kukata umbali kama huo. Aliyefika kwetu ndani ya muda unaoeleweka ana nishati ambayo hatuwezi kuilinganisha na silaha zetu: kilo 1 tu ya jiwe linalokwenda kwa asilimia 10 ya mwendo wa nuru hubeba nguvu ya takriban kilotani 107 za TNT, karibu mara saba ya bomu la Hiroshima. Kiumbe mwenye uwezo huo ana sababu gani ya kutembea mitaani akitafuta vijana wanne? Juzuu ya kwanza inaweza kuahirisha swali hilo, maana wahusika wako mbioni na hakuna mwenye nafasi ya kufikiri. Juzuu ya pili haiwezi. Huenda wavamizi wanaitaka sayari ikiwa na misitu na bahari zake nzima, kwa hiyo hawawezi kutumia mawe. Huenda ni wachache mno. Huenda wanawahitaji binadamu kwa kazi fulani, au wamegawanyika wao kwa wao, au akiba yao wenyewe inakwisha. Jibu lolote kati ya hayo linakubalika, ila lina gharama. Kama ni wachache, basi doria zina ratiba na mapengo, na kijana mwenye daftari anaweza kuyahesabu. Kama wanailinda misitu, basi msituni ndiko salama, na watu walipaswa kuwa wamehamia huko zamani. Jibu lisilobadilisha mwenendo wa mtu yeyote ni pambo tu.

Wanaotaka katikati pakatwe wana hoja, na mbili kati yake nazikubali kwa kiasi. Ya kwanza ni kwamba juzuu nyingi za kati ni maji yaliyoongezwa kwenye mchuzi, hadithi ya juzuu moja na nusu iliyovutwa ijaze tatu. Ni kweli, na wasomaji waliotoa pesa zao wana haki ya kukasirika. Kipimo ninachokiona cha haki ni kuuliza mhusika mkuu anajua nini kwenye ukurasa wa mwisho ambacho asingeweza kukijua bila kuishi siku zile. Kama jibu ni kwamba hakuna, kitabu hicho kikatwe, na hakuna atakayekililia. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwamba hesabu za lita na matone zinaigeuza riwaya kuwa mwongozo wa wizara ya afya. Hatari hiyo ipo, na waandishi waliosoma sana huangukia humo. Dawa yake ni kwamba takwimu iingie ukurasani pale tu watu wanapoigombania. Matone 2 kwa lita yakielezwa na msimulizi ni somo. Yakihesabiwa kwa sauti na msichana mwenye mkono unaotetemeka, mwenzake akimwambia aongeze na yeye akikataa kwa kuwa chupa imebaki robo, yanakuwa tamthilia. Hoja ya tatu, kwamba vijana wanataka kasi, ina ukweli wa nusu. Kasi hutokana na ukomo unaokaribia. Chupa ya dawa yenye vidonge sita ina kasi kuliko jeshi lisilo na idadi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika mara nyingi: hizi ni hadithi za kubuni, tumeshakubali kuna viumbe wa anga za mbali, basi kuna haja gani ya kubana kuhusu petroli? Haja ipo, tena kubwa. Msomaji amemkubalia mwandishi uongo mmoja mkubwa, na amemkubalia kwa sharti kwamba mengine yote yatakuwa kama anavyoyajua. Hajawahi kuona chombo cha wavamizi, hivyo hawezi kukikosoa. Kiu, homa na mlango unaogongwa usiku anavijua kwa mwili wake. Chukua wimbi la sumakuumeme, mpigo unaoharibu vifaa vya umeme kutoka mbali, silaha inayopendwa sana katika juzuu za kwanza. Lina msingi wa kweli: Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, na baadhi ya taa za barabarani zikazimika Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo. Wimbi la namna hiyo huumiza zaidi nyaya ndefu na mitambo iliyounganishwa nazo. Redio ndogo iliyofungiwa kabatini bila kuunganishwa na chochote ina nafasi nzuri ya kupona, wakati transfoma kubwa ikiungua huchukua mwaka au zaidi kutengenezwa na kusafirishwa. Mwandishi aliyezima kila kitu katika juzuu ya kwanza kisha akaleta helikopta katika ya pili bila neno lolote amefanya mojawapo ya mawili: ametega dokezo kwamba hiyo helikopta ni ya adui, au amesahau. Msomaji kijana atakaa macho akingoja kujua ni lipi. Akigundua kwamba ni kusahau tu, hatauamini hata mwisho mzuri.

Kwa hiyo mwelekeo wa juzuu mbili haunitishi wenyewe. Kinachonitisha ni mahali panapokatwa. Ukiwa na juzuu mbili tu, kawaida ni kuimaliza ya kwanza kwenye pigano kubwa, shujaa akiwa katikati ya moto, na kuianza ya pili kwa maelezo ya kurasa 30 ambayo wahusika wanaambiana mambo wanayoyajua wote. Mkato bora zaidi uko nyuma ya hapo. Juzuu ya kwanza inaweza kufungwa jioni ya siku ambayo kundi limepata pa kujificha na kuhesabu walichonacho kwa mara ya kwanza: lita, kilo, vidonge, risasi, majina ya waliofika na ya waliopotea. Orodha hiyo ifanye kazi ya ukumbusho. Msomaji aliyekaa mwaka mzima bila kitabu akiikuta orodha ileile kwenye ukurasa wa kwanza wa juzuu ya pili, sasa ikiwa na nusu ya vitu vimekatwa kwa mstari na siku zimeandikwa pembeni, hahitaji kuelezwa kilichotokea. Anasoma kwamba vidonge viliisha siku ya 41, anakumbuka nani alikuwa na homa, na analitafuta jina lake.

Mkato huo unagusa pia suala la wasimulizi. Juzuu za kwanza hupenda nafsi ya kwanza, sauti moja ya kijana aliyeachwa peke yake. Ya pili huongeza sauti tatu au nne, na wasomaji hulalamika kwamba zinafanana. Zinafanana kwa sababu wote wanatazama kitu kimoja, yaani adui. Mpe kila mmoja dhamana yake na sauti zitaachana zenyewe. Mwenye maji huiona dunia kwa umbali na uzito, akihesabu hatua hata katika ndoto. Mwenye dawa huziona rangi za ngozi na pumzi za watu, na ndiye wa kwanza kujua nani hatafika mwisho wa mwezi. Mlinzi wa usiku husikia tu. Aliyejeruhiwa, asiyeweza kwenda popote, ndiye pekee mwenye muda wa kufikiri adui anataka nini, na mara nyingi ndiye anayepaswa kulipata jibu. Siku wanayolazimika kuhama na kumwamulia huyo wa mwisho, kila msimulizi atakuja na hesabu yake, zote zikiwa sahihi.